Mji Ulioachwa na Mto

Jumatatu, 5 Machi 2007

Nimeosha basi, ndani na nje. Chini ya kiti cha nane nimekuta meno bandia yamefungwa kwenye leso. Nimeyapeleka ofisini. Goti la kushoto linauma tena.

Bosi ameniita. Yule mama aliyekuwa akiwaeleza abiria habari za miji ameacha kazi, amehamia kwa binti yake Florida. Bosi amesikia kwamba ninasema Kifaransa. Basi safari za Natchitoches ni zangu sasa: kuendesha mimi, kueleza mimi. Amenipa karatasi mbili. Maelezo ya jumla ya mji. Nizikariri kabla ya Alhamisi. Nisome kwa lafudhi ya Kifaransa, amesema, wazee wataipenda.

Mimi mtu wa Uvira, Kongo. Wazee wa Texas hawatajua tofauti.

Sikutaka. Sikusema kwamba sikutaka.

Jumatano, 7 Machi

Nimesoma zile karatasi jikoni, Mama Furaha akipika sombe, majani ya muhogo. Amerudi kutoka kazini Fort Worth miguu imevimba. Huko kwenye nyumba ya wazee anafua mashuka tangu alfajiri.

Kwanza jina. Unaandika Natchitoches, unatamka Nakatishi. Mji mdogo wa Louisiana, mwendo wa saa nne na nusu kwa basi kutoka hapa Arlington. Wafaransa waliuanzisha mwaka 1714, kabla hata ya New Orleans. Walijenga ngome kando ya mto, wakafanya biashara na wenyeji. Jina la mji ni jina la watu hao. Pamba ikaleta utajiri, meli zikaja. Halafu mto ukahama. Ukajichimbia njia nyingine, mji ukabaki na maji marefu, membamba, yaliyosimama. Wanayaita ziwa. Meli zikaacha kuja. Ndiyo maana mji haukukua, na ndiyo maana mambo yake ya kale bado yapo.

Hapo sina ugomvi. Lakini nilifundisha historia miaka kumi na minne Uvira, na mitatu kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, chini ya turubai. Karatasi kama hii ningemrudishia mwanafunzi. Nyumba zilijengwa. Pamba ililimwa. Mashamba yalistawi. Na nani? Ukurasa mzima hauna mtu aliyeshika jembe.

Furaha, binti yetu, amenisahihisha matamshi ya Kiingereza. Ana miaka kumi na mitatu na hana huruma. Mama yake amesema ninasoma kama padri mwenye njaa.

Ijumaa, 9 Machi

Nimerudi salama. Siku mbili, wazee ishirini na wawili wa Plano, karibu na Dallas, hakuna aliyeanguka.

Mji ni mzuri, nakubali. Barabara ya mbele imetandikwa matofali, basi linatetemeka hadi meno yanagongana. Maduka yana roshani za chuma kilichosukwa kama lesi. Chini yake majani ya kijani yanateremka hadi majini. Maji hayaendi popote. Kuna andazi la nyama la kukaangwa, kila mtu lazima ale. Maua ya rangi ya waridi na meupe mbele ya kila nyumba.

Nimesoma karatasi kwa lafudhi. Wamepiga makofi. Bibi mmoja ameniuliza nimetoka sehemu gani ya Paris.

Nilijiona kasuku. Nimechoka.

Ijumaa, 16 Machi

Safari ya watu wa Houston. Safari hizi ni mbaya kuliko za Dallas, maana Jumatano napeleka basi tupu Houston, nalala kwa shemeji, Alhamisi alfajiri naanza na abiria. Kundi lilikuwa la wazee wa kanisa moja. Wanajuana miaka mingi, wanataniana kama ndugu.

Mmoja anaitwa Mama Odile. Mzungu, mwembamba, nywele nyeupe kama pamba, miaka sabini na tisa. Alikaa nyuma yangu. Jana mchana nilisoma karatasi yangu pale kwenye barabara ya matofali. Wengine walipokwenda kula akabaki. Akaniambia kwa Kifaransa, polepole: "Pamba ililimwa na nani?"

Nilishtuka. Kifaransa chake si cha shule. Ni cha zamani, kimekatwakatwa, kama mtu anayetoa vyombo vya bibi yake kabatini na kuogopa kuvivunja.

Nikasema karatasi haisemi.

"Najua haisemi. Nakuuliza wewe."

Nikasema, watumwa. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaomba nimpeleke mahali, nusu saa tu kufuata maji kuelekea kusini. Kuna kanisa dogo na makaburi. Sikuuliza ni nani kazikwa huko. Nilimwambia kanuni: dereva hatoki nje ya njia iliyoandikwa, akitoka anafukuzwa. Akasema sawa, kijana. Nina miaka arobaini na sita.

Leo njia nzima alifumba macho. Hakuwa amelala. Nilimwona kwenye kioo.

Jumamosi, 17 Machi

Siku ya kupumzika. Sikupumzika. Nimekwenda maktaba na Furaha, tumekaa hadi wamefunga.

Nimesoma mengi. Zile nyumba kubwa za kando ya maji, kuta zake ni matope yaliyochanganywa na majani makavu ya porini. Yalikandwa kwa miguu. Najua kazi hiyo, baba yangu alijenga hivyo. Waliokanda ni watumwa. Pia kulikuwa na machotara huru, watoto wa Wafaransa na wanawake weusi, waliopata mashamba yao wenyewe. Baadhi yao nao wakanunua watumwa. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu.

Na wale wenyeji wenye jina? Walisukumwa magharibi. Jina likabaki kwenye vibao vya barabarani.

Nimeandika maelezo yangu upya, ukurasa mmoja na nusu. Kwanza kwa Kiswahili, maana ndimo ninamofikiri. Furaha amenisaidia Kiingereza. Aliuliza kama wale machotara hawakuona haya. Nikasema sijui. Akasema mwalimu anatakiwa kujua. Nikasema hapana, anatakiwa kuuliza. Nilisikia sauti yangu ya zamani. Sikuipenda sana, inajisifu. Lakini niliitambua.

Ijumaa, 23 Machi

Wazee wa Dallas. Nimesoma yangu.

Hakuna makofi. Halafu bibi mmoja akauliza majani gani yalitiwa kwenye matope. Mzee mwingine akauliza wenyeji walikwenda wapi. Tulizungumza dakika ishirini, wamesimama juani wameshika kofia. Sijapata darasa zuri hivyo tangu kambini.

Mmoja hakufurahi. Mtu mkubwa, uso mwekundu. Alikuja kwenye ngazi ya basi. "Nimekuja kupumzika," akasema, "si kusomewa mashtaka." Nikasema samahani bwana. Midomo ilisema yenyewe. Imezoea.

Jumatatu, 26 Machi

Yule bwana amelalamika. Bosi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amesema yeye binafsi hana neno na historia, lakini watu wanalipia maua na andazi la nyama. Nisome karatasi ya ofisi, neno kwa neno. Nikitoka nje yake tena, safari hizi anapewa mwingine na mimi nitatafutiwa la kufanya.

Nimemweleza Mama Furaha. Alikuwa ameketi na miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Baba Furaha, hao si wanafunzi wako."

"Najua."

"Basi soma karatasi yao, urudi nyumbani."

Ana haki. Nimesema nitasoma.

Sasa nimekaa kitandani na kitu hiki hakinitoki. Nimewahi kutii hivi. Mwaka ule wa vita Uvira wanaume watatu wenye bunduki waliingia darasani kwangu, wakafungua kitabu, wakasema sura ya nne isifundishwe tena. Ilihusu nani alikuwa akiishi wapi, na tangu lini. Sikuifundisha tena. Nilisema, watoto, fungueni sura ya tano. Waliinamisha vichwa, wote, pamoja. Hawakuniangalia hadi kengele.

Sijawahi kumwambia mtu. Hata Mama Furaha.

Jumatano, 4 Aprili

Houston, kwa shemeji. Mvua njia nzima. Tumekula bugali na ndagala, dagaa wa kwetu. Yeye anafanya ghalani, anainua makasha, mgongo umekwisha. Tumeangalia mpira. Ndugu wawili wachovu.

Nimepewa orodha ya abiria wa kesho. Mama Odile yumo tena. Wiki tatu tu zimepita. Na kanisa lile lile. Nani anakwenda mji mdogo vile mara mbili kwa mwezi?

Nilijua kwa nini. Nikakunja orodha.

Alhamisi, 5 Aprili

Hotelini Natchitoches. Nimesoma karatasi ya ofisi. Pamba ililimwa. Mashamba yalistawi. Makofi.

Mama Odile aliangalia maji muda wote. Ameshika maua yaliyofungwa gazeti. Hakuniomba kitu. Hilo ndilo limeniudhi. Angeniomba, ningekataa, tungemaliza.

Ijumaa Kuu, 6 Aprili

Niandike sawasawa, maana baadaye nitabadilisha mwenyewe.

Asubuhi abiria walikuwa huru, wazunguke madukani hadi saa tano. Saa tano niwachukue kwenye barabara ya matofali. Saa mbili na nusu niliwashusha. Mama Odile alishuka wa mwisho, na maua yake, akasimama kando ya njia. Hakwenda dukani. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nilifunga mlango, nikaendesha kama mita mia. Nikarudi nyuma.

"Panda," nikasema. Alipanda, akakaa kiti cha mbele.

Njia inafuata maji, inapinda kila yanapopinda. Mashamba mapana, mekundu, yamelimwa tayari. Basi la viti ishirini na vinne na watu wawili. Alisema geuka hapa. Halafu hapana, mbele. Halafu rudi. Miaka sitini hajafika. Tulipotea mara mbili. Jasho lilinitoka. Nilikuwa namkasirikia yeye, naikasirikia mvua, najikasirikia mimi.

Kanisa tumelipata saa nne kasorobo. Dogo, jeupe. Makaburi nyuma. Tulitafuta jiwe kwa jiwe, mimi nasoma kwa sauti, yeye anasema siye. Lilikuwa pembeni kabisa, karibu na uzio wa waya. Si jiwe, ni saruji. Jina limeandikwa kwa kidole saruji ikiwa mbichi. Herufi moja imegeuzwa.

Alipiga magoti matopeni. Sikuwahi kumzuia. Akasafisha saruji kwa kitambaa chake cha shingoni na maji ya chupa, mvua inanyesha, kana kwamba maji ya mvua hayatoshi. Nilipiga magoti upande wa pili nikamshikia maua.

"Ni bibi yangu," akasema. "Ndiye aliyenilea. Alikuwa mweusi kama wewe."

Nilimwangalia. Ngozi yake, macho yake ya kijivu. Akaona ninavyomwangalia.

"Ndiyo. Nilikwenda Houston nina miaka kumi na tisa. Sikumdanganya mtu kwanza. Waliniona wakaamua wenyewe. Mimi nikanyamaza. Nikaolewa, nikanyamaza. Bibi alipofariki, ilikuja telegramu. Niliisoma, nikaichoma kwenye jiko, nikaendelea kupika. Mume wangu angekuja nami mazishini, angewaona ndugu zangu. Kwa hiyo sikuja."

"Watoto wako?"

"Hawajui. Wana wajukuu sasa."

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu magoti yangu yalikuwa matopeni. Nilimweleza wale watu watatu, na sura ya nne. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akauliza, "Wanafunzi walijua?"

"Walijua. Waliinamisha vichwa."

"Wamekusamehe?"

"Wengi sijui wako wapi, Mama."

Alishika mkono wa koti langu akanyanyuka. Hakusema neno la kunifariji. Namshukuru kwa hilo.

Tulirudi saa sita kasoro dakika kumi. Wamesubiri karibu saa nzima chini ya roshani, mvua inawapiga miguuni. Mzee mmoja alikuwa anatetemeka. Mwanamke mmoja alilia kwa hasira. Walikuwa na haki, kila mmoja. Niliomba radhi. Nikasema nilikwenda kutia mafuta nikapotea. Mtu akasema mjini hapa hapotei hata kipofu.

Nilikuwa nimeshawasha injini. Mama Odile akasimama, akanyoosha mkono. Nilidhani anataka maji. Alikuwa anataka kipaza sauti.

"Dereva hakupotea," akasema. "Mimi nilimtaka anipeleke kwenye kaburi la bibi yangu. Bibi yangu alikuwa mweusi. Mama yake alizaliwa mtumwa, kwenye shamba lililo kando ya maji haya. Alilima pamba. Jana mmeambiwa ililimwa. Ni yeye aliyeilima. Mmenijua miaka arobaini na hamkujua. Sasa nimesema."

Akanirudishia kipaza sauti. Mikono yake ilikuwa na matope bado.

Nikaendesha, maana ndiyo kazi yangu. Kwenye kioo niliona wengine wanaangalia dirishani. Bwana mmoja alihama kiti chake, akaenda nyuma. Tulipofika mpaka wa Texas yule mwanamke aliyelia kwa hasira alitoka alikokaa, akaja mbele akishika viti, akaketi karibu na Mama Odile. Alimpa sweta yake. Walikaa hivyo hadi Houston.

Aliposhuka, Mama Odile alinishika shavu. Mwanawe alikuwa anamsubiri kwenye gari. Mtu wa miaka hamsini na kitu, shati safi. Nilimwona mama akisimama mbele yake, bado hajafungua mdomo.

Jumatatu, 9 Aprili

Bosi alikuwa na barua mbili za malalamiko mezani na namba za mwendo wa basi. Zaidi ya maili hamsini zisizoelezeka. Nilizieleza. Nilisema ukweli wote isipokuwa habari za Mama Odile, maana hizo si zangu.

Hakunifukuza. Alisugua macho yake. Amesema nilimwacha mzee wa miaka themanini mvuani, na angepata homa ya mapafu ingekuwaje? Hilo linaniuma kweli. Nilifanya jambo jema kwa mtu mmoja kwa kuwaumiza ishirini.

Safari za Natchitoches nimenyang'anywa. Kuanzia wiki ijayo nitaendesha gari la uwanja wa ndege, kutoka jengo la abiria hadi hotelini, hoteli hadi jengo la abiria.

Mama Furaha alisikiliza hadi mwisho. Nilimwambia na ya sura ya nne. Nilifikiri atalia, au atasema kwa nini umenificha. Alisema, "Nilijua kuna kitu. Tangu kambini ulikuwa unaongea usingizini, unasema, watoto, fungueni vitabu." Akaenda kulala. Kesho ana zamu.

Jumanne, 17 Aprili

Uwanja wa ndege. Dakika saba kwenda, dakika saba kurudi. Hakuna maelezo, hakuna kipaza sauti. Watu wanaangalia simu. Nimehesabu safari ishirini na sita nikaacha kuhesabu.

Siyo vibaya. Siyo vizuri.

Jumatano, 25 Aprili

Barua imekuja kupitia ofisini. Mama Odile. Mistari michache, Kifaransa, herufi za mzee. Mwanawe mkubwa haongei naye. Binti amekuja, wamekaa siku nzima, ameuliza kila kitu, anataka kuona kaburi. Wenzake wa kanisani, nusu kwa nusu. Anasema analala vizuri mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na pia kwamba amechelewa sana. Vyote viwili.

Nimemsomea Mama Furaha nikitafsiri. Alitaka nirudie ile ya kulala vizuri.

Jumapili, 6 Mei

Mama Furaha amepata siku mbili mfululizo. Haijatokea tangu mwaka jana. Jana alisema twende tukaone huo mji wako. Nilisema ni mbali. Akasema kwani mimi ni mzigo?

Tumekwenda na gari letu. Furaha alilala nyuma njia nzima. Tumefika saa tano. Jua zuri, maua yamekwisha, watalii wachache. Tumekula andazi la nyama. Mama Furaha amesema ni sambusa iliyonyimwa pilipili, lakini amemaliza mawili.

Furaha alikwenda kutembea peke yake kwenye matofali. Sisi tulishuka hadi kwenye majani, karibu na maji. Upande wa pili mtu alikuwa anaosha gari mbele ya nyumba yake, na mwanamke alikuwa anamwita aje kula.

Nilisubiri Mama Furaha aniulize. Nilikuwa tayari na kila kitu, ngome, mto, pamba, watu. Aliuliza moja tu.

"Maji haya yana samaki?"

"Wapo."

Akavua viatu, akavipanga pembeni. Akajilaza chali kwenye majani, mkono juu ya macho. Baada ya muda kidogo akaanza kukoroma, taratibu. Tangu tufike nchi hii sijamwona amelala mchana.

Kivuli kiliposogea nilihamisha mwili wangu ili jua lisimpige usoni. Goti liliniuma. Furaha alirudi, akamwangalia mama yake, akaketi kando yetu.

Tulikaa hivyo hadi saa kumi. Hatukumwamsha.